Njia panda za Dead Cells: kisiwa kilekile, safari mpya

Bonge la seli za kijani linaporomoka kutoka kwenye bomba, linajikokota sakafuni na kuingia katika mwili wa mfungwa asiye na kichwa. Mwili unainuka. Unapita chini ya chupa za kioo zinazoning'inia darini, zenye silaha ambazo mchezaji alizifungua katika maisha yaliyopita, kisha unaingia kwenye vyumba vya gereza. Mahali fulani humo, sakafuni, kuna kidonge cha kijani kilichojikunyata. Mchezaji mgeni hukikanyaga, haoni faida yake, akapita. Hufa, hurudishwa gerezani, hukikuta tena, hupita tena. Baada ya maisha matano au kumi, siku moja kidonge kilekile kinachipuka mbele yake, kinakuwa mtambazi mrefu wa kupanda, na njia ambayo hakujua kama ipo inafunguka.

Gereza ni lilelile. Yeye ndiye aliyebadilika: katika maisha yaliyopita, nje ya kuta hizo, alimuua adui mmoja mkubwa na kupata runi inayoamsha mimea hiyo. Runi haipotei kwa kifo. Dhahabu hupotea, silaha hupotea, lakini runi hubaki.

Dakika hiyo ni moja ya raha kubwa za Dead Cells, gemu la mapambano lililotengenezwa na studio ya Motion Twin ya mjini Bordeaux, Ufaransa. Lilianza kuuzwa likiwa bado linajengwa, tarehe 10 Mei 2017, likatoka kamili tarehe 7 Agosti 2018, na mwishoni mwa mwaka huo likatwaa tuzo ya mchezo bora wa mapambano katika The Game Awards. Kufikia 2023 nakala zilizouzwa zilikuwa zimefika milioni 10. Mapigano yake yamesifiwa sana, na yanastahili sifa hizo. Ila anayelicheza kwa muda mrefu hugundua kwamba kinachomrudisha kila jioni ni miguu ya mfungwa yule kuliko upanga wake: anapita wapi, anachagua vipi, na kwa nini njia aliyoiacha humsumbua hadi maisha yanayofuata.

Michezo ya aina hii ina babu yake. Mnamo 1980 hivi, Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, walitengeneza Rogue. Baadaye Ken Arnold wa Berkeley akaungana nao. Skrini ilikuwa ya herufi tupu. Mchezaji alikuwa alama ya @, na maadui walikuwa herufi kubwa, kuanzia A hadi Z. Kompyuta ilipanga kila ghorofa upya juu ya gridi ya nafasi tisa, tatu kwa tatu, na aliyekufa alianza tangu mwanzo, mikono mitupu. Ramani inayopangwa upya na kifo kisicho na msamaha ndivyo vilivyozaa jamii nzima ya michezo ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la Rogue.

Hata hivyo, Rogue yenyewe ilikuwa na mwelekeo mmoja tu: chini. Ngazi, ghorofa, ngazi nyingine, hadi kuipata hirizi ya Yendor na kupanda nayo kurudi juu. NetHack, iliyotoka mara ya kwanza 1987, baadaye ikaleta tawi. Kati ya ghorofa ya pili na ya nne kuna ngazi ya ziada inayoelekea kwenye migodi ya vibwengo, na ndani ya migodi hiyo kuna mji wenye maduka na hekalu. Anayeiona ngazi hiyo anajiuliza swali ambalo Rogue haikuwahi kumuuliza: niende huko kwanza nijiimarishe, au niendelee na safari?

Tatizo jingine lilikuwa la ufundi. Ramani ikiachiwa kete peke yake, njia huziba, vyumba hukaa ovyo, na mchezaji huhisi kwamba hakuna aliyemfikiria. Derek Yu, mtengenezaji wa Spelunky ya 2008, alikuwa na jibu zuri. Aligawa kila hatua katika vyumba 16, vinne kwa vinne. Kompyuta huanza na chumba kimoja cha mstari wa juu, huchora njia moja ya uhakika inayokwenda kando na kushuka hadi mlango wa kutokea, na ndipo hujaza vyumba vilivyobaki. Hata mchezaji asiye na kamba wala bomu hupata pa kupita. Kinachobahatishwa ni kile kinachomngoja njiani.

Watu wa Bordeaux walikwenda mbali zaidi. Sébastien Bénard, aliyeongoza ubunifu wa Dead Cells, alieleza mwaka 2017 jinsi maeneo ya mchezo huo yanavyojengwa, na maelezo yake yanafaa kusomwa na yeyote anayetaka kujifunza kazi hii. Kwanza, kisiwa chenyewe hakihami. Gereza liko palepale, daraja liko palepale, kasri iko palepale, na eneo gani linapakana na lipi ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Pili, vyumba huchorwa kwa mkono, kimoja kimoja, kila eneo na vyumba vyake. Tatu, kila eneo lina mchoro wake wa masharti: mlango wa kuingilia uwe mbali kiasi gani na wa kutokea, pawe na vyumba vingapi vya hazina au vya duka, njia ziwe zimenyooka au zimepindapinda. Hapo ndipo kompyuta inaporuhusiwa kurusha kete. Inatafuta katika ghala la vyumba kile kitakachotimiza sharti, inakipachika, inaendelea na kingine. Mwishoni huwekwa maadui, kwa kuangalia ukubwa wa nafasi iliyopo ya kupigania.

Matokeo yake ni kwamba mchezaji hujifunza tabia ya mahali bila kuikariri ramani yake. Ni kama mtu anayelijua soko: wauzaji wamehama meza, lakini samaki wako upande wa samaki na mboga upande wa mboga. (Majina ya maeneo yametafsiriwa hapa kwa Kiswahili.) Matembezi ya Waliohukumiwa ni eneo la wazi, chini ya anga, lenye milango midogo inayoshuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Mifereji ya Sumu ina dari fupi, madimbwi ya sumu na vijia vinavyorudi nyuma, na ndani yake kuna funza wakubwa. Kwenye Maboma mchezaji hurukaruka kati ya minara, upepo ukivuma, na njia karibu imenyooka. Kwenye Kaburi Lililosahaulika giza lenyewe linaua: asiyekimbia kutoka taa moja hadi nyingine anapoteza uhai hatua kwa hatua. Kwenye Mnara wa Saa kuna kengele ambazo mtu makini hugundua kwamba zinapaswa kupigwa kwa mpangilio.

Tofauti hizo ndizo zinazoipa njia panda uzito. Matawi mawili yanayofanana ni mapambo tu. Hapa, anayechagua Maboma amechagua upana na mwendo wa kasi. Anayechagua mifereji amechagua kubanwa. Mwenye upinde hujisikia vizuri mahali pamoja na kuhangaika pengine. Mwenye ngao vivyo hivyo. Kabla hajafika kwenye mlango, mchezaji ameshaanza kupima silaha alizookota dhidi ya mahali anapotaka kwenda, na mara nyingine safari nzima hugeuzwa na upanga mmoja uliopatikana mapema.

Ila katika maisha ya kwanza hakuna uchaguzi. Kutoka gerezani kuna mlango mmoja tu unaopitika, ule wa Matembezi. Ni baada ya kupata runi ya mimea katika Matembezi ndipo gereza linapofungua njia ya pili, ya kuelekea Mifereji ya Sumu. Ndani ya mifereji hiyo kuna runi nyingine, ya kuhama kutoka sanamu moja hadi nyingine, na hiyo ikishapatikana Matembezi nayo yanatoa tawi jipya: Nyumba ya Mifupa. Nyumba ya Mifupa ina runi ya kuvunja sakafu. Kwa runi hiyo mchezaji anarudi kwenye Mifereji ya Sumu, eneo alilodhani amelimaliza, anavunja sakafu aliyokuwa akiipita kila siku, na kuporomokea kwenye Mifereji ya Kale. Mwisho wa mifereji hiyo kuna bosi anayeitwa Conjunctivius, jicho kubwa lenye mikono mirefu kama ya pweza. Akishindwa, mbele yake kuna Patakatifu Palipolala, na ndani yake runi ya nne, ya kupanda kuta kama buibui.

Mnyororo huo unastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu ndio ustadi mkubwa wa mchezo huu. Kila runi iko kwenye tawi lililofunguliwa na runi iliyotangulia, na kila mara inamrudisha mchezaji mahali alipokwisha kupita. Ukuta uliokuwa ukuta unakuwa mlango. Waliokulia kwenye michezo ya zamani ya Metroid na Castlevania wanaijua raha hiyo, ya kurudi na ufunguo mahali ulipowahi kushindwa. Motion Twin waliichukua na kuiweka ndani ya mchezo ambao ramani yake huvunjwa kila anapokufa mtu. Mambo hayo mawili yalionekana hayawezi kukaa nyumba moja. Unawezaje kumwambia mtu arudi kwenye ukuta fulani wakati ukuta huo umekwisha kupangwa upya? Jibu lao lilikuwa kwamba ukuta unaweza kuhama, lakini aina ya ukuta ibaki. Mchezaji hakumbuki chumba. Anakumbuka alama.

Njia mbili zilimshinda fisi, na kuna fisi mdogo ndani ya kila anayecheza Dead Cells. Humo ndani ya maeneo tamaa inavuta pande zote. Upande mmoja kuna magombo ya nguvu, yenye rangi tatu, nyekundu, zambarau na kijani, yanayoongeza uhai na makali ya silaha. Idadi ya magombo katika kila eneo imepangwa, na aliyeondoka bila kuyamaliza atapambana na bosi akiwa dhaifu. Upande wa pili kuna saa. Kati ya eneo na eneo kuna kijia salama, na katika baadhi ya vijia hivyo kuna mlango wa hazina unaofunguka kwa anayewahi tu; akichelewa anaukuta umefungwa, na hakuna ufunguo. Mlango mwingine humngoja aliyeua maadui wengi mfululizo bila kuguswa hata mara moja.

Kwa hiyo kila dakika ndani ya eneo ni mizani. Ukichungulia kila pembe, utakosa mlango wa saa. Ukikimbia, utaacha magombo nyuma. Ukipigana kwa tahadhari kubwa ili usiguswe, saa inakwenda. Baadhi ya wachezaji huichukia milango ya saa, wakisema inawaadhibu wanaopenda kutazama mandhari. Hoja hiyo ina ukweli, kwa maana mandhari ya kisiwa hiki yamechorwa kwa mapenzi na yanastahili kutazamwa. Hata hivyo, bila saa ile kungekuwa na namna moja tu ya kucheza: kufagia kila kona, kila mara, hadi safari igeuke kuwa kazi ya kibarua.

Kuna mzigo mwingine unaopima njia. Maadui huangusha seli, na pia michoro ya silaha mpya. Vyote hivyo havina faida hadi vifikishwe kwa Mkusanyaji, anayengoja kwenye vijia vya kati. Anayekufa kabla ya kufika kwake hupoteza seli zote na mchoro pia. Na kwa kuwa maadui wengi wana maeneo yao, kuchagua tawi ni kuchagua pia silaha gani mtu anaiwinda. Mchezaji anayejua kwamba mchoro anaoutamani umeshikwa na adui wa Nyumba ya Mifupa atakwenda huko hata kama siku hiyo silaha zake hazifai. Akiupata, mita chache zinazobaki hadi kwenye mlango huwa ndizo ndefu kuliko zote. Wengi wamekufa hapo, uhai ukiwa umebaki kidogo, mlango ukionekana.

Si michezo yote ya jamii hii inayotawanya njia kwa namna hiyo. Hades ya studio ya Supergiant, ya San Francisco, iliyotoka kamili Septemba 2020 na kupata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, inampitisha mhusika wake, Zagreus, katika maeneo yaleyale kwa mpangilio uleule: Tartarus, Asphodel, Elysium, kisha Styx. Kinachochaguliwa ni zawadi. Juu ya kila mlango kuna alama inayoonyesha kitakachopatikana chumba kinachofuata, baraka ya mungu fulani au dhahabu au uhai, na mchezaji anachagua mlango kwa ajili ya zawadi hiyo. Slay the Spire, mchezo wa karata wa studio ya Mega Crit, unaonyesha ramani nzima ya hatua tangu mwanzo, ghorofa 15 zenye mistari inayogawanyika na kukutana, hivyo mtu anaweza kupanga safari kwa kidole kabla hajapiga hatua.

Njia zote hizo ni nzuri kwa namna yake, na Hades ina hadithi tamu kuliko Dead Cells. Lakini kwa kipimo cha uchunguzi wa mahali, Dead Cells iko mbele. Mlango wa Hades uko mbele ya macho. Wa Dead Cells lazima utafutwe. Eneo linaweza kuwa na milango miwili au mitatu ya kutokea, iliyofichwa kwenye pembe tofauti, na anayeanza kutafuta ule wa Nyumba ya Mifupa anaweza kuukuta kwanza ule wa Maboma. Sasa afanye nini? Uhai umepungua, saa inakwenda, mlango huu hapa. Mara nyingi mipango aliyokuja nayo hufa hapo, na safari nyingine, pengine bora zaidi, huanzia hapo.

Kasoro zipo, na zinahusu njia hizohizo. Anayelimaliza gemu hupewa seli ya bosi, na kwa kila seli, hadi tano, mchezo unakuwa mgumu zaidi na nafasi za kujaza dawa ya kuponya njiani zinapungua. Katika ngazi za juu, wachezaji wengi huacha kuchagua mahali wanapopapenda na kufuata ratiba moja inayosemwa kuwa na magombo mengi. Tawi linabaki kwenye ramani lakini miguu haiendi huko. Watengenezaji walirekebisha maeneo mara nyingi wakijaribu kuvirudisha vivutio kwenye njia zilizoachwa, na walifaulu kwa sehemu. Pia baadhi ya matawi yaliyoongezwa baadaye yanauzwa peke yake, hivyo ramani ya mwenye pesa ni pana kuliko ya asiye nazo.

Upanuzi huo ulikuwa mkubwa. Motion Twin ni ushirika wa wafanyakazi, ulioanzishwa 2001, ambamo wote hulipwa sawa na kila mmoja ana sauti sawa katika maamuzi. Walipolitoa gemu hili walikuwa watu kama kumi tu. Kazi ya kuliendeleza ilishikwa na studio nyingine ya hapohapo Bordeaux, Evil Empire. Mwaka 2020 likaja tawi la bustani na kinamasi, 2021 mahekalu yanayoelea angani na pwani yake, 2022 meli iliyozama na mnara wa taa, na Machi 2023, kwa ruhusa ya kampuni ya Konami, ngome ya Dracula yenyewe kutoka Castlevania. Nyongeza ya 2022 ndiyo iliyogusa kiini cha jambo hili kwa ujasiri zaidi. Hadi hapo, matawi yote yalikutana mwishoni kwenye chumba kimoja cha enzi, mbele ya mlinzi anayeitwa Mkono wa Mfalme. Tangu wakati huo hata mwisho una njia panda: mchezaji anaweza kuiacha kasri, akapitia kwenye meli iliyooza, akapanda mnara wa taa huku moto ukimfuata kutoka chini, na kumkuta Malkia juu.

Masasisho yakakoma Agosti 2024, miaka sita baada ya gemu kutoka. Hakuna tawi jingine linalotarajiwa kuongezwa. Kisiwa sasa kimekamilika, na kinachezeka kwenye kompyuta, kwenye konsoli, na hata kwenye simu: toleo la iPhone lilitoka 2019 na la Android mwaka 2020.

Kwa msomaji ambaye tayari ana gemu hili na amekuwa akitoka gerezani kwa mlango uleule kila jioni, ombi ni moja. Leo usiende Matembezi. Tafuta kidonge cha kijani sakafuni, panda, na ushuke kwenye mifereji.